Kasuku wa pete tuwawahi wakiwa bado wachache

Watu wanaojua napenda ndege wamezoea kunitumia picha kwenye simu, ndege wa kijani juu ya mwembe, ndege wa kijani kwenye waya wa umeme, afu swali linakuwa lile lile, hawa ndo wale kasuku wanaomaliza mashamba ya watu huko nje? Wengine hata hawaulizi, wanataka tu kujua sumu gani inafanya kazi. Sasa nimeona niandike yote sehemu moja maana jambo hili linanigusa sana, na kwa ukanda wetu huu wa Moshi na Arusha naona tuna nafasi ambayo miji mingi mikubwa duniani ilishaipoteza zamani, nafasi ya kuwawahi.

Kwanza tujue nani ni nani, kwasababu hapa ndo watu wanawaumiza wasiohusika. Kasuku anayesumbua dunia ana mkia mrefu mwembamba, mwili wa kijani kibichi, mdomo mwekundu, na dume likishakomaa linakuwa na pete shingoni, nyeusi chini ya kidevu na rangi ya waridi kwa nyuma. Jike halina hiyo pete. Kitaalamu anaitwa Psittacula krameri, mi humu nitamwita kasuku wa pete. Kwao ni India na majirani zake, pamoja na ule ukanda wa Afrika unaoanzia Senegal unapita chini ya Sahara mpaka Sudan na Ethiopia. Huku kwetu sio kwao.

Wa kwetu ni wengine kabisa. Yule anayeshuka asubuhi kutoka msitu wa Kilimanjaro au Meru, mnene, mkia mfupi, kijani iliyokolea na wekundu kwenye paji la uso, anapita juu juu anapiga kelele afu huyoo ametoweka, huyo ni mwenyeji wa misitu hii, chakula chake ni matunda ya mipodo na mizeituni pori na vitu kama hivyo. Na wale wadogo wenye duara jeupe kuzunguka jicho, cherero, ndo wale wageni wanaolipa hela kuja kuwaangalia Tarangire na Serengeti. Wa Tarangire wana shingo ya njano na kichwa cheusi, wa Serengeti wana uso wa rangi ya chungwa. Ukimpiga manati cherero mmoja ukidhani unaokoa shamba, umeua ndege ambaye dunia nzima asili yake ni hapa hapa. Ndo maana naanza na hili kabla ya yote: usiguse ndege usiyemjua. Piga picha, angalia mkia, angalia mdomo, angalia shingo.

Haya, sasa huyu wa pete imekuwaje mpaka awe tatizo? Karibu kila mahali stori inaanzia kwenye kizimba. Mtu kanunua, kachoka na makelele, kaachia. Au mlango haukufungwa vizuri. Brussels mwaka 1974 bustani moja ya wanyama iliwaachia kwa makusudi kama 40 hivi, wakitaka jiji lipate rangi, na leo jiji hilo lina maelfu. Kisiwa cha Kauai huko Hawaii walitoroka wachache mwishoni mwa miaka ya 1960, miaka mingi watu wakawaona kama pambo tu la kijiji, wakaja kushtuka ndege ni maelfu, wanashuka kwenye mahindi na malichi na maembe ya wakulima. London nako hivyo hivyo, kuna stori maarufu kwamba mwanamuziki Jimi Hendrix ndo aliwaachia, watafiti wakaja kuchunguza ramani za walikoonekana kwanza wakakuta haina ushahidi, ni matoroko madogo madogo ya watu wa kawaida kwa miaka mingi. Hilo la London linanifikirisha kuliko yote, maana linamaanisha hamna mtu mmoja wa kumlaumu, ni majumba mengi kila moja na ndege wake mmoja wawili.

Na ile miaka ya mwanzo inadanganya sana. Jozi moja inataga mayai matatu au manne, wanakuwa wachache muda mrefu, hakuna anayewahesabu, wanapendeza, watoto wanawashangilia. Afu wakishafika idadi fulani wanaanza kulala pamoja kwenye miti ya kundi, mamia kisha maelfu, na hapo hata ukiwa na hela unapunguza tu, huwamalizi.

Kuna kitu kingine ambacho mtu wa mjini hakioni. Kasuku wa pete hachimbi tundu lake kwenye mti, anatafuta lililopo tayari, analipanua kidogo kwa mdomo anahamia. Ulaya anaanza kuzaa mapema kabla ya wenyeji, kwahiyo wenyeji wakija wanakuta nyumba zina watu. Kule Seville, Hispania, kwenye bustani ya María Luisa, kuna popo wakubwa adimu waliokuwa wanaishi kwenye matundu ya miti, watafiti wakashuhudia kasuku wanawashambulia popo hao, wanawaua, wanachukua matundu, na popo wakapungua vibaya mno. Sasa fikiria kwetu. Tundu la mti mkubwa linagombaniwa na hondohondo, bundi, cherero, kasuku wa msituni, nyuki, wote hao. Na miti mikubwa yenyewe tunaikata kila siku, miringaringa ya kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, inaondoka kwa ajili ya mbao, mijakaranda ya mjini inakatwa barabara zikipanuliwa. Mgeni anayekuja kugombania matundu kipindi hiki anakuja wakati mbaya kuliko wakati wowote.

Tuje shambani maana huku ndo kuna maumivu ya hela.

Mama yangu mdogo analima mpunga tambarare huko chini, upande wa Chekereni, na mahindi kidogo na alizeti pembeni. Mpunga ukianza kutia maziwa nyumba nzima inahamia shambani kuamia ndege. Kuamia ni kazi, asikudanganye mtu. Unaamka giza, unapanda kwenye dungu, una debe la kugonga, kombeo au manati, umefunga kamba zenye kanda za kaseti za zamani zinapiga kelele upepo ukivuma, na unapiga mayowe mpaka sauti inakauka. Hapo adui ni kwelea kwelea. Nilimuuliza mama mdogo itakuwaje akija ndege mwenye akili kuliko kwelea, akaniangalia akasema, "Mwanangu, huyu mjinga tu ananitoa jasho hivi, mwenye akili si ataniambia nimpishe?"

Na kweli kasuku ana akili. Kwelea anakuja kwa wingi wa kutisha lakini anataka punje ndogo, mtama, ulezi, mpunga, ngano, na akimaliza kundi linahama. Kasuku wa pete anakula mahindi mabichi, alizeti, mtama, maembe, mapera, na hamalizi anachokianza. Anang'ata embe mara mbili anadondosha, anaenda la pili. Anachana ganda la hindi kwa juu, anakula kidogo, na lile hindi lililobaki wazi linaingiza maji na ukungu, kwahiyo hasara ni kubwa kuliko alichokula. Huko India wakulima wanalia naye miaka na miaka, na kumbuka pale yuko kwao, ana maadui wake wa asili.

Sanamu unayosimamisha shambani anaizoea haraka. Mizinga ya gesi inayolia kama bunduki wanaizoea pia wakishagundua hakuna anayeanguka. Kinachosaidia ni vitu vya kubadilisha badilisha, leo kelele, kesho vitambaa vya kung'aa, keshokutwa mtu mwenyewe anatembea, na kuweka nguvu kwenye saa zao maana wana ratiba, asubuhi mapema na jioni kabla ya kwenda kulala. Kuamia mchana kutwa ni kujichosha. Mistari iliyo karibu na miti inaliwa zaidi, kwahiyo alizeti usiipande kwenye ukingo wenye miti mirefu, weka kitu wasichokipenda pale. Chagua alizeti ambayo kichwa kinainamia chini, ndege anapata shida kutua. Matunda ya thamani yavishe neti au mifuko, ghali ndiyo, ila kwa mtu mwenye miti michache ya maembe inalipa. Vuna mara tu yakikomaa usiache shambani yakijikaukia kwa mwezi mzima. Na hili la mwisho ndo gumu kwa sababu linataka majirani wakubaliane: pandeni pamoja. Shamba moja likiwahi kukomaa peke yake linabeba ndege wote wa kijiji, mashamba hamsini yakikomaa pamoja kila mtu anapoteza kidogo. Mama mdogo anasema kwenye mpunga wa skimu ya umwagiliaji wanalijua hili kwasababu maji yanawalazimisha kwenda kwa zamu, kwenye mahindi ya mvua kila mtu ni mfalme wa shamba lake.

Sasa kuhusu sumu.

Najua mtu atasema mbona kwelea wanapigwa dawa na ndege za serikali. Ni kweli, wanapuliziwa sumu inayoitwa fenthion usiku au jioni pale walipolala, na kazi hiyo inasimamiwa na wataalamu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake yako hapa hapa Arusha, Ngaramtoni. Lakini kwelea wanalala kwenye matete na vichaka vya miba mbali na makazi, mamia ya maelfu sehemu moja. Hata hapo dawa inaua na wasiohusika, mwewe wanaokuja kula mizoga, ndege wengine waliolala pale, na lazima watu wazuiwe kuokota wale ndege kwenda kula. Kasuku wa pete analala mjini. Analala kwenye minazi ya hoteli, kwenye miti ya shule, ya hospitali, juu ya maegesho ya magari. Utapulizia fenthion juu ya stendi? Haiwezekani na mtu yeyote asikuambie inawezekana.

Na ile ya kuchanganya mahindi na dawa ya wadudu unamwaga uani ndo mbaya zaidi. Wanaokufa kwanza ni njiwa, kuku wa jirani, kanga, mbwa anayekula mzoga, na kwenye uwanja kuna watoto wanaookota kila kitu. Nimeshaona bata wa mama mmoja mtaani wamelala chini wote asubuhi moja kwa sababu ya mtu aliyekuwa anawinda panya. Yule mama alikuwa anasomesha kwa wale bata. Naomba sana, kwa lolote mtakalokataa kwenye makala hii, hili la sumu ya kienyeji mnielewe.

Kwahiyo njia gani inafanya kazi? Mfano ninaoupenda ni Shelisheli. Kwenye kisiwa cha Mahé kasuku wa pete walitoroka wakaanza kuongezeka, na kisiwa jirani cha Praslin kina kasuku wao mweusi, ndege wa taifa, wamebaki mamia tu na hawapo porini mahali pengine popote duniani. Wakaona wakisubiri wageni wavuke bahari watapoteza ndege wao, kwa kugombania matundu na kwa magonjwa pia, maana kasuku wa pete wanabeba ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo. Basi taasisi yao ya hifadhi ikaanza kampeni, wakapiga ndege kwa bunduki mmoja mmoja, wakahamasisha wananchi wapige simu wakiona ndege wa kijani, wakatoa na zawadi kwa atakayeripoti wa mwisho mwisho. Jumla waliwaondoa 548. Mwaka 2019 kisiwa kikatangazwa hakina tena. Ndege mia tano na kitu, na ilichukua miaka. Sasa linganisha na Madrid, kule wana kasuku wa aina nyingine, wa Amerika Kusini, wanaojenga viota vya vijiti vikubwa mno juu ya miti, mpaka matawi yanavunjika na watu wanaogopa kupita chini. Jiji likasubiri mpaka wakawa kama 12,000, ndo mwaka 2019 likatangaza mpango wa kuwapunguza, kuwakamata kwa nyavu na kuharibu mayai, na hapo tayari kuna wananchi wanaowapenda na wanaandamana, kuna gharama kubwa, na lengo lenyewe ni kupunguza, kuwamaliza hakuzungumzwi tena. Serikali ya Hispania ilishapiga marufuku kuwauza na kuwafuga tangu 2011, ila ndege walishakuwa nje.

Mimi siwachukii hawa ndege. Nikimwangalia kasuku wa pete naona kiumbe mzuri kabisa, hajaomba kuletwa. Kuua 548 kunaniuma. Lakini kuua elfu kumi baadaye kwa sababu tuliona haya kushughulika na kumi mapema, hilo linaniuma zaidi, na kupoteza ndege wa msitu wa Meru kwa ajili ya aibu yetu sitaki hata kulifikiria.

Sisi wenyewe tumeshawahi kuwa upande wa pili. Miaka ya 1980 cherero wetu wa Serengeti walikamatwa kwa wingi wa ajabu, mwaka 1987 alikuwa ndo ndege wa porini anayeuzwa zaidi duniani, na porini wakapungua hadi usafirishaji wao ukasitishwa miaka ya 90 mwanzoni. Waliotoroka huko njiani na mabandani wakajianzishia maisha, wapo Dar, wapo Tanga ambako sio kwao kwa asili, na Naivasha Kenya wamejazana, wa uso wa chungwa wamezaana na wa shingo ya njano mpaka umepatikana mchanganyiko usio huyu wala yule. Ndege mmoja, kwao anatia huruma na kwa jirani ni mvamizi. Wale wa pwani hawahitaji kufundishwa hili, kunguru waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, na hadi leo watu wa Dar wanapambana nao.

Kwahiyo kwetu kazi iko kwenye kizimba. Kasuku wa pete ni mmoja wa kasuku wachache sana duniani ambao hawamo kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea pori, maana yake biashara yake haifuatiliwi kama ya kasuku wengine, na anazaa vizuri akifugwa, kwahiyo anapatikana kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Jamaa yangu mmoja anaishi Njiro, Arusha, jirani yake alikuwa na jozi. Mtoto wa nyumbani akafungua kuweka maji, jike likatoka, likapanda kwenye mti wa nyumba ya tatu. Mwenye ndege akasema basi, ameenda zake, si atajitafutia. Jamaa akanipigia, nikamwambia mwambie asiache, kizimba chenye dume kitolewe nje kiwekwe juu ya ukuta, mlango wa sehemu ya pili uwe wazi na chakula alichozoea, na asitokee mtu kumfukuza wala kumrushia mawe. Dume likawa linaita. Jike lilizunguka mtaa siku kadhaa, vijana wa bodaboda wa kona ile ndo waliokuwa wanatoa taarifa yuko mti gani, mpaka jioni moja akaingia mwenyewe kula. Yule mzee mwenye ndege alipokuja kunishukuru nikamwamkia shikamoo, afu nikamwomba kitu kimoja, atengeneze kibaraza kidogo mbele ya kizimba, milango miwili, wa nje ufungwe kabla wa ndani haujafunguliwa. Fundi wa kuchomelea alimfanyia kwa vipande vya nondo na wavu uliobaki.

Hivyo tu. Anayefuga, milango miwili. Anayechoka, asiachie, atafute mtu wa kumpa au aulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Ndege wanaouzwa barabarani wasinunuliwe kwa huruma, maana ukimwokoa mmoja kwa hela yako umemlipa muuzaji akalete watano, na kukamata ndege pori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Na sisi wengine wote tuwe macho. Tuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, pale Njiro, tuna chuo cha wanyamapori cha Mweka hapa juu, watu wenye ujuzi wa kutambua ndege wako kilomita chache kutoka kwetu kuliko miji mingi ya Afrika. Ukiona mkia mrefu na mdomo mwekundu, andika mahali, saa, wangapi, kama wanaingia kwenye tundu la mti au wanapita tu, piga picha hata kama ni ya mbali, peleka kwao au kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri. Wakiwa wawili wanakamatwa na mtu mmoja mwenye subira na kizimba. Mama mdogo ameshaniambia akimuona tambarare ananipigia kabla hajashuka kwenye dungu.